Udi unatoa moshi tu, harufu hamna? Matatizo ya kufukiza udi kwa makaa na namna ya kuyatatua

Malalamiko ya watu kuhusu udi wa makaa yanafanana sana ukiyasikiliza. Mmoja anasema umetoa moshi mpaka macho yamemuwasha, mwingine kaweka kipande cha pesa nyingi na hajasikia chochote, mwingine makaa yamezima hata hajakaa vizuri, na karibu wote wanamalizia na neno lile lile, "nimeuziwa feki". Feki zipo na ni nyingi, tutafika huko chini, lakini mara nyingi udi wenyewe hauna kosa lolote, shida iko kwenye joto, na kabla hujamlaumu aliyekuuzia naomba upite hapa kwanza.

Kuna kitu kimoja ukikielewa mengine yote yanakaa sawa. Udi unatoka kwenye mti wa jamii ya Aquilaria ulioumia, ukaingiwa na kuvu kwenye kidonda, na mti katika kujikinga ukajaza utomvu mweusi pale palipoumia. Harufu yote unayoitafuta imo kwenye huo utomvu, na utomvu unataka kupashwa tu ili uiachie. Sasa ile mbao iliyoushika utomvu haina harufu ya maana, yenyewe ukiipa moto mkali inafanya kama mbao nyingine yoyote, inaungua na kutoa moshi. Mbao inaanza kuharibika vibaya ikifika nyuzi joto kama 200, na kaa likishakuwa jekundu linapita nyuzi 600 bila taabu, kwa hiyo unaona mwenyewe ukiweka udi juu ya kaa uso kwa uso unauweka kwenye joto mara tatu ya lile linaloanza kuuharibu. Ufundi wote wa hii kitu ni kuweka vitu katikati ya kaa na udi mpaka joto linalofika juu liwe la upole.

Mpangilio ninaouzungumzia ni huu: chetezo chenye majivu makavu yaliyochekechwa, kaa moja lililowaka vizuri limezikwa humo, majivu yamerundikwa juu yake kama kichuguu kidogo, kuna kitundu kimoja kinachoshuka mpaka kwenye kaa, juu ya kitundu kuna kijisahani chembamba cha ulanga (wengine wanaita maika) au kipande cha foili, na juu ya kijisahani ndo unakaa udi, kipande kidogo tu. Kama we unatumia chetezo cha kawaida bila majivu bado haya yatakufaa, ila utakuta mara nyingi jibu ni "ongeza majivu".

## Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu

Naanza na hii japo sio inayolalamikiwa sana, manake hapa hamna cha kujaribu jaribu.

Makaa yanayowaka yanatoa kaboni monoksidi. Gesi hii haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, na udi unaonukia vizuri hauipunguzi hata chembe. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa akashindwa hata kujua kwamba anatakiwa atoke. Watu wengi wanasema "udi huu una nguvu, umenipanda kichwani" wakati kilichopanda ni hiyo gesi.

Ukiona hizo dalili acha kila kitu, usianze kutafuta koleo wala kuhangaika na chetezo, toka nje kwenye hewa safi na uwatoe wote waliomo, na kama kuna mtu amezimia, anapumua kwa shida, anachanganyikiwa, au kichwa hakitulii hata baada ya kukaa nje, piga simu ya dharura au nenda hospitali na uwaambie wazi kwamba mlikuwa na makaa ndani. Hilo neno "makaa" ni muhimu lisemwe, litamsaidia daktari kujua anatafuta nini. Ukihisi ndani bado kuna mtu na hewa ni mbaya, waite zimamoto, usirudi kumfuata peke yako.

Na dalili moja ya kukupa wasiwasi hata kama mwenyewe uko poa: watu wawili watatu chumba kimoja wote wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja. Hiyo sio bahati mbaya.

Kuzuia ni rahisi, kaa moja dogo linatosha, dirisha wazi muda wote, usifanye kwenye gari, wala hema, wala chumba cha kulala halafu ulale kaa likiwa bado hai. Kifaa cha kugundua kaboni monoksidi kikiwepo ndani ni kitu kizuri sana. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto mchanga na ndege wa kufugwa (mapafu ya ndege yanadhurika upesi na moshi) wasikae kwenye chumba hicho.

## Moshi mwingi, harufu ya kuungua

Hili ndo tatizo namba moja. Nimelipanga kuanzia sababu inayotokea sana kwenda inayotokea kwa nadra, pita nalo kwa mpangilio huo.

Kwanza kabisa angalia udi umekaa juu ya nini. Kama umekaa juu ya kaa lenyewe, jibu ushalipata. Wapo wanaotaka moshi kwa makusudi, wa kufukiza nguo au kujaza nyumba haraka, na hiyo ni sawa kwa kazi hiyo, lakini kama unataka kusikia ule utamu, ule uchachu kidogo, ule ubaridi fulani unaopita puani, moshi unavifunika vyote. Utoe udi kwa koleo, funika kaa kwa majivu, weka kijisahani, rudisha kipande kipya.

Kama tayari una kijisahani na bado moshi, basi majivu juu ya kaa ni machache. Hapa usibahatishe, tumia mkono: weka kiganja juu ya kitundu, umbali wa kama upana wa vidole vinne, bila kugusa kitu. Ukilazimika kuondoa mkono hapo hapo, joto ni kali mno. Ukiweza kuuacha sekunde kadhaa ukahisi joto la kutulia lisilochoma, uko pazuri. Ukali ukizidi, ongeza majivu kidogo kidogo juu ya kichuguu, yaani kijiko kimoja halafu subiri dakika mbili tatu upime tena, manake majivu yanachelewa kupitisha joto na ukimwaga mengi kwa pupa utalizika kaa na kulizima. Njia nyingine ni kupunguza upana wa kitundu. Kitundu kipana kinaleta joto moja kwa moja, kitundu chembamba kinalipooza.

Tatu, foili inagusa kaa. Inatokea mno kwa wanaobonyeza foili ikazama. Foili ni nyembamba na inapitisha joto mara moja, ikigusa kaa ni kama hamna kitu katikati. Inyanyue, acha nafasi ya hewa, au ikunje mara mbili. Binafsi naupenda ulanga kuliko foili, unatulia kwenye joto, hausinyai, na ukichafuka unaukwangua utomvu taratibu na kuutumia tena.

Nne, kipande kimeshamaliza. Hili watu wanalisahau kabisa. Udi uliokaa juu ya joto muda mrefu utomvu wake unaisha, unabaki mbao kavu, na kinachofuata ni moshi. Ukiona kimekuwa cheusi tititi na kikavu na harufu imegeuka ya kuni, hakikudai kitu, kitoe.

Tano, kipande kimelowekwa manukato au mafuta. Hivi vinatoa moshi mzito mapema hata kwenye joto la upole, na moshi wake mara nyingi una utamu unaokaba koo. Hapo joto halitakusaidia sana, tatizo liko kwenye bidhaa.

Sasa kama kipande kimeshika moto kabisa na kuna mwali, usipulize, kupuliza kunarusha majivu na cheche. Kibane kwa koleo kitumbukize ndani ya majivu, kitazimika chenyewe. Mwali ukihama ukashika kitambaa, pazia au meza na hauzimiki papo hapo, toa watu nje na uite zimamoto.

## Nimeweka udi, hamna harufu

Hapa kabla hujagusa chochote subiri. Kwa makaa yaliyozikwa kwenye majivu harufu haiji sekunde hiyo hiyo kama moshi, inachukua dakika kadhaa kuanza, na kipande kinene kinachukua zaidi. Wengi wanakosa subira wanasukuma udi chini, unaungua, wanarudi kwenye tatizo la juu.

Baada ya kusubiri, fanya vitu viwili visivyohitaji kugusa chetezo. Zima feni. Dirisha liwe wazi ndio, lakini chetezo kisikae kwenye njia ya upepo, kisogeze pembeni, manake harufu ya udi uliopashwa kwa upole ni nyepesi na upepo unaibeba yote. Cha pili toka chumbani, tembea dakika kama kumi nje, halafu rudi. Pua inazoea harufu upesi sana, ukikaa nayo unaacha kuisikia kabisa huku mgeni akiingia anashangaa inavyonukia. Ukirudi ukaisikia mlangoni, basi hakukuwa na tatizo lolote.

Bado hamna kitu? Pima kwa mkono kama nilivyoeleza. Kiganja kikihisi vuguvugu tu au hakihisi chochote, joto ni dogo. Angalia kama kitundu kimeziba, majivu yana tabia ya kuporomoka ndani, kifungue kwa kijiti chembamba cha chuma. Kama kiko wazi punguza majivu juu ya kaa kidogo. Kama kaa limezima nenda sehemu inayofuata.

Joto liko sawa lakini harufu hamna, basi tazama ukubwa wa kipande. Kipande kikubwa kinapashwa upande wa chini tu, huko juu hakijui hata kama kuna moto. Kata kijisehemu chembamba, kama kijiti cha kiberiti kwa unene na nusu yake kwa urefu, au bandua utando mwembamba kwa kisu kikali. Kidogo kinanukia kuliko kikubwa kwa mpango huu, na udi wako utadumu. Kigeuze pia, upande wenye mistari myeusi ndo ukae chini.

Sababu ya mwisho ndo ile mbaya, kipande hakina utomvu. Mbao yake ni nyeupe au ya njano iliyofifia, nyepesi mkononi, haina mistari. Hiyo ni mbao ya mti wa udi isiyokuwa na udi, na hamna joto litakalotoa kitu ambacho hakimo.

## Makaa yanazima

Sababu nyingi hapa zinaanzia kwenye majivu. Majivu yananyonya unyevu wa hewani, chetezo kilichokaa bila kutumika muda mrefu kina majivu yenye unyevu hata kama kwa macho yanaonekana makavu, na unyevu huo unalinyonya kaa joto mpaka linakufa. Yashike, yakishikamana kama unga uliolowa ujue ni hayo. Yakaushe kwenye sufuria ya chuma juu ya moto mdogo ukiyakoroga, au zika kaa moja humo, nje ya nyumba, liwake mpaka liishe bila kuweka udi, halafu weka jingine. Uchekeche pia, mabonge na mabaki ya kaa la zamani yanaziba hewa.

Halafu kuna kushindilia. Mtu anataka kichuguu kizuri anakigandamiza kwa kijiko mpaka kinang'aa, majivu yanakuwa magumu na kaa linakosa hewa. Majivu yakae kwa kujilegeza, yameguswa tu juu yasiporomoke. Na kitundu kisisahaulike, ndo pua ya kaa.

Kaa kuwekwa halijawaka vizuri nalo ni tatizo la kila siku. Upande mmoja mwekundu mwingine mweusi, unalizika, upande mwekundu unakufa na habari imeishia hapo. Liwashe nje kwenye wavu wa chuma, ligeuze, subiri mpaka lote limevaa jivu la kijivu na hamna sehemu nyeusi. Kama unalowasha ni dogo mno halitakaa, na kama limekaa kwenye unyevu halitawaka, hifadhi makaa kwenye chombo chenye mfuniko unaobana.

Usimwagie kaa lolote mafuta ya taa, spiriti wala petroli ili liamke. Hata kidogo. Mwali unaweza kukurukia usoni na kuifuata chupa uliyoishika, na harufu ya mafuta hayo itabaki kwenye majivu siku nyingi.

## Harufu ya baruti, plastiki au kemikali

Kama inatokea mwanzoni tu, kabla hata ya kuweka udi, inatoka kwenye makaa ya kidonge, yale ya duara yanayowaka kwa kiberiti kimoja na kurusha vicheche. Hayo yametiwa kiwashio, mara nyingi chumvi ya shura, ndo maana yanashika haraka, na mpaka kiwashio kiishe kitanuka na kitakuharibia harufu. Yawashe nje, usiyaingize ndani mpaka yameacha kutoa cheche na yamevaa kijivu kotekote. Ukiweza kupata makaa yasiyo na kiwashio, ya mbao ngumu au ya mwanzi, hangaika nayo zaidi kuyawasha lakini utaisikia tofauti hapo hapo. Kwa udi mzuri mi naona makaa ya kidonge ni kuuonea.

Inatokea udi ukishawekwa? Futa kijisahani, mabaki ya udi wa jana na ubani na manukato yanaungua upya kila ukipasha. Chetezo kipya chenye rangi au vanishi ndani kinanuka pia, kipashe nje mara moja bila udi, na kama rangi inaendelea kububujika au kubanduka usikitumie kabisa kwa makaa, hicho ni cha mapambo. Ukivuka hayo yote na kemikali bado ipo, inatoka kwenye udi.

## Inaanza tamu halafu inageuka chungu

Kwa kiasi fulani ni kawaida. Udi una vitu vingi vya harufu ndani yake, vyepesi vinaondoka mapema na vizito vinafuata joto likipanda, kwa hiyo harufu kubadilika njiani ndo uzuri wenyewe wa udi, wengine wanakaa kwa ajili hiyo tu. Ila kama inaruka kutoka tamu kwenda uchungu wa moshi ndani ya dakika chache, joto linapanda kwa sababu kaa ndo kwanza linafika kileleni. Nyanyua kijisahani, ongeza majivu kidogo, au ondoa udi kabisa usubiri kaa litulie ndipo urudishe. Uchungu ukija mwishoni kabisa, kipande kimekwisha.

## Kipande kinatoa mapovu, kinanata

Furahi. Huo ni utomvu unachemka, na ni dalili mojawapo nzuri kwamba upo. Ila mapovu mengi ya haraka yanamaanisha joto limezidi kidogo, na utomvu ukimwagika ukaungua kwenye foili utanuka vibaya, basi punguza joto.

## Cheche na milio ya kupasuka

Makaa yana unyevu, au yana kiwashio ambacho hakijaisha, au ni makaa ya mbao nyepesi ambayo tabia yake ni kupasuka. Yote dawa yake ni moja, kaa lisiingie ndani mpaka limenyamaza. Sogeza zulia, pazia, karatasi na mikono mipana ya nguo. Kanzu na mitandio inashika moto kwa kasi mtu asivyotegemea, hasa ya nailoni, na anayesimama juu ya chetezo kufukiza nguo aliyovaa anachukua hatari kubwa, bora uivue uitundike mbali na moto. Mtu akiungua, maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, na ikiwa ni usoni, mikononi, kwa mtoto au malengelenge ni makubwa, hospitali.

## Chetezo kimepasuka, meza imeungua

Chombo cha udongo au kigae kinapasuka kwa sababu kaa limegusa ukuta au kitako chake moja kwa moja. Chini ya kaa panatakiwa majivu ya kutosha, sentimita tatu nne sio nyingi, na kaa likae katikati. Chombo cha glasi kiache, hata kile kinene. Baridi ya ghafla nayo inapasua, usioshe chetezo kikiwa na moto na usikiweke juu ya sehemu iliyolowa.

Meza inaungua kwa sababu joto linashuka chini polepole na mtu anagundua akiinua chetezo. Weka chini yake kigae au jiwe, na ukiguse kitako baada ya nusu saa. Kikiwa hakishikiki, majivu ni machache.

Chetezo chenye ufa usikitumie ukidhani majivu yataziba, ufa unapanuka kwa joto na siku moja kitako kinabaki mezani na kaa lake. Kama ni cha urithi au cha shaba cha kale, mpelekee fundi wa vyombo vya aina hiyo, usikibandike na gundi, gundi nyingi zinaachia kwenye joto na mvuke wake unadhuru.

## Kipande kimoja kizuri, kingine hamna kitu, pakiti moja

Sasa tumefika kwenye feki, lakini hata hapa kuna haki ya kutenda. Utomvu haujai mti mzima, unakaa pale palipoumia tu, hivyo vipande viwili vya gogo moja vinaweza kutofautiana sana bila mtu yeyote kudanganya. Udi wa shambani, ambao mti umetobolewa na kutiwa kuvu kwa makusudi, nao ni udi kweli, tofauti iko kwenye kiasi cha utomvu na kina cha harufu.

Ila udi wenye utomvu mwingi ni adimu, na miti yake imekatwa mpaka aina zote za Aquilaria na ndugu yake Gyrinops ziko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2005. Kitu kikiwa adimu hivyo watu wanakighushi. Vipimo vya nyumbani ni hivi, na kimoja peke yake hakitoshi: sugua kipande kwa tishu nyeupe iliyolowa, ikitoka rangi nyeusi kimepakwa. Kikate katikati, kikiwa na ganda jeusi nje tu na ndani ni mbao nyeupe tupu basi hiyo ni rangi, kwenye udi wa kweli mara nyingi unaona mistari na madoa yanayofuata nyuzi za mbao. Kinuse kikiwa baridi, kikikurushia manukato makali ya dukani kutoka mbali hicho kimelowekwa, udi mwingi mkavu unanukia kwa upole. Halafu kipashe kijisehemu kwenye joto dogo usikie kama harufu inabadilika na kuongezeka au inalipuka mara moja na kuisha.

Watu wanaamini sana kuzama kwenye maji. Kweli kipande chenye utomvu mwingi sana kinazama kwa sababu kinakuwa kizito kuliko maji, lakini udi mwingi mzuri unaelea, na kuna vilivyotiwa uzito makusudi ili vizame. Usinunue wala kutupa kitu kwa kipimo hicho peke yake. Na kipande ulichokitia shaka kwamba kimepakwa kemikali usiendelee kukichoma ili "kiishe tu", unavuta hicho kitu kifuani.

Angalia na unavyohifadhi. Udi ulioachwa wazi karibu na sabuni na viungo unabeba harufu zao, uliokaa juani unapoteza vilivyo vyepesi. Chombo cha glasi chenye mfuniko, gizani, vipande vya aina moja pamoja.

## Kengele ya moshi inalia

Usiitoe betri. Inakwambia una moshi, na kwa kupasha kwa upole hakutakiwi kuwa na moshi wa kufikia darini. Fungua madirisha, toa udi kwenye joto, rudi kwenye sehemu ya moshi mwingi. Lakini ikilia na mlio ni wa kifaa cha kaboni monoksidi, hapo hamna kurekebisha, wote nje na upige simu ya dharura, usirudi ndani mpaka waje wapime.

## Majivu bado ya moto hata baada ya kumaliza

Kaa lililozikwa linaendelea kuwaka kimya kimya saa nyingi, wakati mwingine mpaka kesho yake, na juu unaona majivu ya baridi kabisa. Usiyamwage kwenye ndoo ya taka, wala mfuko wa plastiki, wala boksi. Lifukue kaa kwa koleo ulitumbukize kwenye chombo cha chuma chenye maji, nje, uso ukiwa mbali na mvuke, halafu majivu yaache ndani ya chetezo juu ya kigae mahali ambapo mtoto na paka hawafiki. Siku ya pili yakoroge kwa kijiti, weka kiganja juu bila kugusa, na kama hakuna joto lolote yachekeche, yarudishe, funika.